Koti la Manjano

Mvua imeushika mji wa Bergen tangu Jumapili,
na leo ni Alhamisi. Duka letu la picha
linanuka sufu mbichi na kahawa iliyolala.

Torleif, dereva wa tramu, anaingia akichuruzika,
anatoa kifuani kadi ndogo ya kamera
ndani ya mfuko wa plastiki wa mkate.
"Ifanye nyeusi na nyeupe."
"Yote?"
"Yote. Ila koti la mtoto."

Bosi wangu, Ragnfrid, anageukia ukuta.
Amechoshwa na haya: waridi jekundu
mkononi mwa bibi harusi wa kijivu,
midomo inayowaka kwenye uso usio na damu.
"Pilipili kwenye uji," huyaita.
Lakini mteja ni mteja, na mvua haileti wengi.

Naifungua. Gati. Meli ya abiria kwa nyuma.
Mwanamke mwenye kofia ya kufuma, amechuchumaa,
anamfunga mtoto kifungo cha juu kabisa,
kile kigumu.
Mtoto kainua kidevu, ulimi nje, anaonja mvua.

"Mama yake?" nauliza,
na papo hapo natamani kulimeza swali.
"Sunniva," anasema. Basi.
Anatazama viatu vyake vinavyofanya dimbwi.

Nairudufu picha, tabaka juu ya tabaka.
Ya juu nainyonya rangi: mbofyo mmoja,
na bahari, kofia, mashavu, meli nzima
vimekuwa majivu ya jiko la jana.
Halafu barakoa.
Wateja hudhani ninapaka. Sipaki kitu.
Ninatoboa.
Rangi iko palepale chini, haikwenda popote,
nami kwa brashi nyembamba nafungua tundu
lenye umbo la koti.

Mikono, rahisi. Kofia ya koti, rahisi.
Kazi iko kwenye kifungo,
pale vidole vya mama vinapokutana na plastiki
na pikseli hazijui zimfuate nani.
Navuta karibu, mara tatu, mara sita,
mpaka vidole vinageuka matofali,
na hapo ndipo ninapouona:

chini ya kidevu cha mama, utando wa manjano,
mwembamba kama mafuta juu ya supu.
Koti limemmulika.
Mwanga wa siku ile, hafifu namna ile,
uligonga kifua cha mtoto, ukaruka,
ukamgusa mama shingoni.

Nimeambiwa koti tu.
Kwenye picha ya kijivu, shingo ibaki kijivu;
niufungulie utando ule tundu lake, nimevunja agizo.
Naufungulia. Natazama. Natendua.
Shingo safi, kazi safi,
na mama amesogea mbali,
sijui niseme vipi,
kama nusu mita, bila kusogea.
Naufungulia tena.

"Umevuka mstari." Ni Ragnfrid,
miwani juu ya paji, kalamu yake kwenye skrini.
"Nimevuka."
Kimya. Mashine ya kuchapa inakohoa peke yake.
"Basi punguza," anasema. "Asilimia thelathini.
Isionekane mpaka mtu aitafute."

Torleif anaishika kwa mbali, kisha kwa karibu.
"Ndilo," anasema. "Ndilo lenyewe.
Binti yangu analikumbuka koti."
Anahesabu sarafu, moja moja, muda mrefu kupita bei.
"Koti tu."

Anaitia kwenye mfuko wa mkate, anatoka.
Kupitia kioo cha duka namwona kituoni,
tramu ya mwenzake imekuja, milango imefunguka,
hapandi.
Ameitoa tena picha chini ya kibanda,
ameiinua hadi puani karibu,
kidole gumba kimetua mahali fulani,
na kioo chetu kimejaa ukungu,
nakifuta kwa mkono wa sweta,
kinajaa tena.